Papa aliacha mambo mengi: tuanzie wapi kuyahifadhi, na wasifu wake tuuandikeje?

MwanaNguba (swali)

Jambo wapendwa. Papa yetu ametutoka hapa Bukavu. Alikuwa mwalimu wa fizikia, lakini darasa lilikuwa sehemu moja tu ya maisha yake. Alitengeneza redio za majirani, alipiga picha za harusi na ubatizo, alirekodi kwaya ya parokia, alifuga nyuki nyuma ya nyumba, alikusanya stempu, na kila asubuhi alipima mvua na kuiandika.

Chumbani kwake kuna negatifu ndani ya makopo ya biskuti, na baadhi ya makopo ukiyafungua yananuka siki. Kuna kaseti zaidi ya mia moja, C60 na C90 nyingi (za dakika 60 na 90). Redio tatu kubwa, moja ya lampu. Albamu mbili za stempu. Madaftari ya mvua tangu 1979. Nje kuna mizinga minne.

Tunaondoa matanga mwisho wa mwezi ujao na familia imenipa mimi wasifu wa kusoma. Ndugu zangu wanataka chumba kiwe wazi ili wageni walale humo. Nianze na nini ili kitu kisipotee? Na wasifu wa mtu wa namna hii unaandikwaje usiwe orodha ya vitu alivyopenda?

HifadhiPicha

Pole sana, na utufikishie pole kwa mama.

Kabla hujahamisha hata kopo moja, piga picha chumba chote kutoka mlangoni, halafu rafu moja moja, halafu kila kartoni likiwa wazi na vitu vikiwa bado ndani. Papa alipanga kwa akili yake mwenyewe. Kopo la negatifu likiwa limewekwa juu ya daftari fulani, kuna uwezekano mkubwa daftari hilo ndilo lina majina ya waliopigwa picha. Mkivitenganisha bila kuandika, hakuna atakayejua tena. Kila kopo na kila kartoni vipe namba (A1, A2, B1) kwenye kipande cha karatasi, na namba hizo uziandike katika daftari jipya pamoja na mahali kilipokuwa. Baada ya hapo wageni wanaweza kulala humo. Hamisheni makartoni yalivyo, yasichanganywe, yakae juu ya mbao na si sakafuni, mbali kidogo na ukuta kwa ajili ya unyevu na mchwa.

Sasa harufu ya siki, hiyo ndiyo kazi ya leo. Filamu nyingi za zamani zimetengenezwa kwa asetati. Ikikaa kwenye joto na unyevu, inaanza kuoza na kutoa asidi ya siki, na asidi hiyo inazidi kuiozesha yenyewe pamoja na filamu iliyo jirani. Kopo lililofungwa vizuri linafanya mambo kuwa mabaya zaidi, kwa sababu mvuke hauna pa kutokea. Hakuna dawa ya kuirudisha ilivyokuwa. Unachoweza ni kupunguza mwendo: zitoe makoponi, zinazonuka ziweke chumba kingine mbali na zisizonuka, kila ukanda ndani ya bahasha ya karatasi nyeupe, na hizo ndizo ziwe za kwanza kunakiliwa. Ukichelewa, filamu inanywea na kujikunja, na tabaka la picha linafanya makunyanzi ambayo hayanyooki tena.

Ukikuta utando mweupe, hiyo ni kuvu. Usioshe kwa maji! Tabaka la picha ni jelatini, na ikishaliwa na kuvu, maji yanaiyeyusha na picha inaondoka nayo. Tumia brashi laini kavu, nje ya nyumba, ukiwa umefunika pua. Alama za vidole futa kwa alkoli ya isopropili ya asilimia 99. Ile ya asilimia 70 ina maji ndani yake, iache. Usizirudishe kwenye plastiki laini inayonuka kama kiatu kipya, nayo inaharibu filamu.

Kunakili bila mashine maalumu kunawezekana. Chukua tableti au kompyuta, fungua ukurasa mweupe mtupu, mwanga mpaka mwisho. Weka kioo kisafi juu ya vipande viwili vya mbao ili negatifu iwe sentimita 3 hadi 5 juu ya skrini. Ukiilaza moja kwa moja kwenye skrini, vidoti vya skrini vitaonekana kwenye picha. Zima taa, funga mapazia, telefone iwe imeegemea kitu kisichotikisika, tumia kipima muda ili kidole kisiitikise. Funika mwanga unaozunguka negatifu kwa karatasi nyeusi iliyokatwa dirisha. Maandishi ya pembeni mwa filamu yakisomeka sawasawa, uko upande sahihi; yakiwa kinyume, igeuze, la sivyo pete ya ndoa itakuwa mkono mwingine. Programu ya bure kama GIMP inageuza nyeusi kuwa nyeupe. Za rangi zina tabaka la rangi ya chungwa linalotaka kazi zaidi, kwa hiyo anza na nyeusi-nyeupe.

Mkipata skana, iwe yenye taa ya filamu kwenye kifuniko. Ya ofisi ya kawaida itakutolea ukanda mweusi tu. Negatifu za milimita 35 skani kwa dpi (nukta kwa inchi) 2400, unapata picha ya takriban pikseli 3400 kwa 2270. Picha za karatasi dpi 600 zinatosha. Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiivute, ipige ikiwa humo humo. Nyuma ya picha andika kwa kalamu ya risasi laini, pembeni, bila kukandamiza. Wino wa bic hupenya au kuhamia kwenye picha iliyo chini yake.

FundiRedio

Mimi niseme ya kaseti na redio.

Kila kaseti ina vijino viwili vya plastiki mgongoni. Vivunje vyote leo hii, kabla mtoto hajabonyeza kitufe cha kurekodi juu ya sauti ya babu yake. Kisha tazama ndani ya dirisha la kaseti: ukiona unga mweupe kwenye kingo za utepe, tenga. Ukiicheza, kuvu inabaki kwenye kichwa cha mashine na kuhamia kaseti zote zitakazofuata. Angalia pia kijipande cha sponji au manyoya nyuma ya utepe, katikati. Kikiwa kimedondoka, sauti itakuwa hafifu na ya mbali. Hamisha utepe kwenye ganda zuri la kaseti ya parafujo, si kutupa.

Utepe uliolala miaka mingi umebanana. Uzungushe taratibu kwa bic kidogo kwanza kuona kama unatembea, halafu mbele mpaka mwisho na nyuma mpaka mwanzo, ndipo uucheze. Mashine isafishe kabla: kichwa na ule mhimili mwembamba wa chuma kwa pamba na alkoli, gurudumu la mpira kwa pamba yenye maji na sabuni kidogo, kisha likauke. Gurudumu chafu ndilo linalokula utepe. Kama kwaya inasikika kana kwamba imefunikwa blanketi, tafuta parafujo ndogo kando ya kichwa, izungushe kidogo sana huku ukisikiliza mpaka "s" na matoazi yatoke wazi. Kila kaseti iliyorekodiwa kwa mashine nyingine inaweza kudai marekebisho yake.

Toka tundu la sikioni la mashine kwenda tundu la kuingizia sauti la kompyuta kwa waya wa milimita 3.5. Sauti ya mashine iwe chini, kwa sababu tundu la mikrofoni linajaa haraka. Kwenye Audacity, programu ya kurekodi sauti, vilele vya sauti visipite -6 dB. Sauti iliyopasuka haitengenezeki. Kompyuta itumie betri yake wakati wa kurekodi, waya wa chaji ukiwemo mara nyingi unaleta mlio wa umeme. Hifadhi kwa WAV, 44.1 kHz, biti 16: C90 moja ni kama megabaiti 950. MP3 ni ya kuwatumia ndugu kwa WhatsApp, si ya kuhifadhi.

Hesabu muda wako vizuri: kunakili hakuna njia ya mkato, kaseti mia moja za C60 ni saa mia moja. Kwa matanga huwezi kumaliza. Sikiliza dakika mbili za kila upande, andika ulichosikia, kisha anza na zile zenye sauti ya papa mwenyewe. Baadhi ya warekodi wa kwaya husema tarehe na mahali mwanzoni au mwishoni mwa upande, kwa hiyo sikiliza hapo hasa.

Redio: msizichomeke ukutani kuona kama bado zinaimba. Kondensa za ndani (vipande vinavyotunza umeme) zilizokaa miaka bila umeme zimekauka au zinavuja. Zikipata volti 220 ghafla zinapasuka au zinaunguza transfoma, na ya lampu inaweza kukuua hata ikiwa imechomolewa, kwa sababu kondensa kubwa hubaki na umeme. Fundi mwenye akili huunganisha balbu ya zamani ya nyuzi, wati 40 au 60, mfululizo kwenye waya mmoja wa umeme. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti ndani, anazima. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, anaendelea kupima. Usimruhusu mtu yeyote kubadilisha vipande na kutupa vya zamani bila kukuonyesha. Solda za papa ndani ya sanduku ni mwandiko wake pia, zipige picha.

Toeni betri katika kila kitu, leo. Zile za alkalini zikivuja, sugua kwa pamba yenye siki au ndimu. Zile za kawaida za zinki, tumia magadi soda na maji kidogo.

Mwisho, tafuta kadi zenye picha na maneno QSL. Wasikilizaji wa masafa mafupi waliandikia stesheni kuripoti walivyozisikia, na stesheni zikajibu kwa kadi yenye tarehe, saa na masafa. Saa hizo mara nyingi ni za UTC (saa za kimataifa, zamani GMT), ongeza mbili upate za Bukavu. Kadi moja ya namna hiyo inakuambia papa alikuwa macho usiku gani, saa ngapi, akisikiliza nani.

MfugajiWaKabare

Wote mmesahau kitu chenye uhai. Mizinga minne na umati wa matanga katika parsele moja ni hatari kweli, na nyuki hawajui kwamba ni msiba.

Kinachowachokoza ni mtikisiko na harufu: jenereta, spika, watu kupita mbele ya tundu lao, manukato makali. Kama mizinga inabaki, jenereta na spika ziwe upande wa pili kabisa wa nyumba, na zungusheni turubai la kimo cha mita 2 mbele ya matundu, ili nyuki wainuke juu ya vichwa vya watu wanapotoka. Watoto wawe na mtu wa kuwachunga upande huo.

Bora zaidi ni kuihamisha wiki moja kabla, na hapo kuna sheria: ama chini ya mita moja, ama zaidi ya kilomita 5. Katikati ya hapo nyuki wa kazi watarudi pale pale mzinga ulipokuwa na kuning'inia hewani juu ya wageni wenu. Funga tundu baada ya giza, wote wakiwa wamerudi, kwa wavu wa waya. Si kwa kitambaa wala udongo: bila hewa wanapata joto, masega yanalainika na kuanguka, kundi zima linakufa usiku huo huo. Kama ni mizinga ya pau za juu, masega yameshikwa juu tu, kwa hiyo yaelekeze kwa urefu wa gari ili breki zisiyayumbishe. Baada ya matanga ikae huko wiki tatu kabla ya kurudi.

Asali ya papa kwa ajili ya wageni inawezekana. Kamua masega ambayo angalau robo tatu yake yamezibwa kwa nta. Yaliyo wazi yana maji mengi na asali itachacha ndani ya chupa. Acha ya kuwalisha wenyewe.

Na kama kuna atakayeendelea: pau za nyuki wetu wa Afrika zina upana wa milimita 32. Akiweka pana zaidi, watajenga masega ya kupinda yanayounganisha pau mbili, na hutaweza tena kufungua bila kuvunja. Pima za papa kabla ya kumwagiza seremala. Miguu ya stendi ikae kwenye makopo ya oili chafu, siafu hawasubiri mtu amalize kulia.

MwanaNguba

Aksanti sana nyote, mmenipa nguvu. Makopo yanayonuka ni matatu, nimeyatenga. Vijino vya kaseti vyote vimevunjwa. Mizinga inapelekwa Kavumu kwa rafiki yake wa nyuki. Shida iliyobaki: picha nyingi na kaseti hazina tarehe, na wazee wanabishana. Bila tarehe wasifu naushikaje?

YayaWaKadutu

Mdogo wangu, usiwaulize wazee "mwaka gani". Waulize ilikuwa kabla au baada ya nini. Kombe la Dunia ambalo Zaire ilicheza ni 1974. Nyiragongo ililipuka Januari 1977, halafu tena Januari 2002. Vita ilifika Bukavu mwishoni mwa Oktoba 1996. Kanali Mutebutsi na waasi wake kuushika mji ni Juni 2004. Lile tetemeko la Jumapili ni tarehe 3 Februari 2008. Mzee atakuambia "huyu mtoto alikuwa bado mgongoni wakati wa tetemeko" na tayari umepata.

Halafu soma bei. Papa wa namna hii aliandika alichonunua. Pesa ya zaire ilianza Juni 1967, zaire mpya (NZ) Oktoba 1993, faranga ya Kongo katikati ya 1998. Risiti ya filamu iliyoandikwa NZ haiwezi kuwa ya 1985. Kaseti ambamo mtangazaji anasema "hapa Zaire" ni kati ya Oktoba 1971 na Mei 1997. Stempu zina majina hayo hayo ya nchi, lakini usizibandue kwenye bahasha: muhuri wa posta una mji na siku, na hiyo inazidi thamani ya stempu yenyewe.

Angalia na jina lake. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalikatazwa, kwa hiyo diploma ya zamani na barua ya kazi ya baadaye zinaweza kuonekana za watu wawili. Katika wasifu yataje yote, kwa sababu aliosoma nao watamtambua kwa lile la kwanza. Usipopata mwaka, andika "karibu 1975". Mwaka wa kubuni ukisomwa kwenye matanga, kesho yake umekuwa ukweli wa familia.

Wasifu wenyewe: maneno 500 hadi 600, hiyo ni dakika tano au sita kwa mtu asiyekimbia, na watu waliokaa juani hawatakupa zaidi. Kuzaliwa, shule, ndoa, watoto na kazi viishe katika robo ya kwanza. Halafu usitaje mapenzi yake yote sita kwa usawa. Chagua mawili, uyaonyeshe kwa karibu, mengine yapite katika sentensi moja. Kwa hayo uliyotuandikia mimi ningechukua mvua na kwaya. Usiseme "alipenda sayansi". Sema alitoka kila asubuhi na kusoma milimita, na msome ukurasa mmoja wa daftari kama ulivyo, tarehe na namba, hata makosa ya bic. Usiseme "alipenda muziki". Toa sekunde thelathini za kaseti kwenye spika, umtaje mwimbaji kama yupo, asimame watu wamwone.

Nenda kwa watu wake wa kila jambo mmoja mmoja, wa nyuki peke yake, wa kwaya peke yake, maana hao hawajuani na kila mmoja alimjua papa mwingine. Wapelekee kitu mkononi, picha au kaseti, na rekodi ukianza kwa kutaja jina la mtu, mahali na siku. Muulize "alifanyaje?" kuliko "alikuwa mtu gani?". Swali la pili linaleta "alikuwa mwema", la kwanza linaleta mikono yake ikifanya kazi.

Kabla ya kusoma, karatasi ipite kwa mama na kwa wajomba. Mahali ambapo wasifu huharibika ni orodha ya watoto: aliyesahaulika, aliyetangulizwa, upande wa wakwe usiotajwa. Hayo yamalizwe nyumbani.

MpimaMvua

Naongezea madaftari, kwa sababu mvua iliyopimwa kila siku tangu 1979 na mtu mmoja, mahali pamoja, ni kazi kubwa sana na inastahili kuheshimiwa kama kazi.

Kwanza kipimo chenyewe. Kisiondolewe hapo kilipo kabla ya kuandika mahali, urefu kutoka ardhini, na umbali wa mti au paa lililo karibu. Mti uliokua ukafunika kipimo hupunguza mvua inayoingia, na atakayesoma namba atadhani mvua ya Nguba, mtaa wenu, ilipungua. Kama alitengeneza mwenyewe kwa faneli na chupa, pima vipenyo vyote viwili. Faneli ya sentimita 10 juu ya chupa ya sentimita 5 hupandisha maji mara nne: milimita 40 ndani ya chupa ni milimita 10 za mvua. Tafuta katika daftari la kwanza kama aliandika urefu wa maji au mvua iliyokwisha hesabiwa. Mtu wa fizikia lazima aliandika mahali fulani, mara nyingi ndani ya jalada.

Pili, saa ya kusoma. Maji yaliyosomwa asubuhi ya tarehe 5 yalinyesha kwa sehemu kubwa tarehe 4. Angalia kama aliyaandika kwa siku ya kusoma au siku ya kunyesha, na kama alibadilisha katikati.

Tatu, na hapa ndipo wanaonakili huharibu: 0, kistari na nafasi tupu si kitu kimoja. 0 ni "nilipima, hakukuwa na mvua". Nafasi tupu ni "sikupima". Ukijaza sifuri kwenye nafasi tupu za siku alizokuwa mgonjwa au za vita, umebuni ukame. Nakili kama ilivyo, na maelezo ya pembeni pia, "mvua ya mawe", "upepo ulivunja ndizi", yote.

Piga picha kila ukurasa mchana, karibu na dirisha, bila flashi, pamoja na zilizo tupu. Toa pini zilizoota kutu kwa ncha ya kisu butu, usizivute. Usibandike seloteipu kwenye mpasuko, gundi yake huacha doa la kahawia na kula karatasi.

Ukishamaliza, kuna kituo cha utafiti cha Lwiro, kinachofuatilia maumbile ya Kivu; kilitokana na IRSAC, taasisi ya utafiti ya wakati wa Wabelgiji iliyoanzishwa 1947. Wapelekee picha za kurasa pamoja na karatasi yenye vipimo vya faneli, mahali na saa ya kusoma. Wakiomba daftari lenyewe, kwanza hakikisha nakala tatu zipo, moja ikiwa nje ya Bukavu, na mtu asaini kwamba amelipokea.